Lori la Kasimu na Uso wa Rubani

Kasimu wa Nasoro aliosha maiti za Waislamu wa Kolwezi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyesikia kutoka kinywani mwake neno hata moja juu ya mwili aliouosha. Ninaandika habari zake kwa sababu juzi nilikwenda kwenye kilio huko Dilala, nikamkuta mwosha maiti, kijana mwenye viatu vyeupe, akiwaonyesha watu simu yake. Ndani ya simu alikuwamo marehemu. Watu walisogea, wakaangalia, mmoja akasema, "Aa, kumbe alikonda hivi!" Halafu wakarudi kwenye bia zao na muziki. Nilichukua kofia yangu nikaondoka. Nimefika umri ambao kuondoka mapema hakumwudhi mtu.

Kasimu hakuwa shehe. Kazi yake ilikuwa lori. Baba yake alitoka Kasongo akiwa mchuuzi, akafuata reli mpaka huku kwenye shaba, na Kasimu akarithi biashara ya kusafirisha samaki wakavu, chumvi na mahindi. Lori lake lilikuwa na pua ndefu ya buluu, na yeye alilitunza kuliko watu wengine wanavyotunza nyumba. Kuosha maiti ilikuwa kazi ya Mungu tu, haina malipo, na aliipokea kwa mjomba wake mwaka wa hamsini na tisa. Kila alipoitwa, hata kama lori lilikuwa limepakiwa tayari kwenda Dilolo, alizima injini.

Mimi ni Kyungu, Mmethodisti wa kutoka kaskazini. Tulikuwa majirani hapa Manika, ukuta kwa ukuta. Katika chumba cha kuoshea, nyuma ya msikiti, sikuingia hata siku moja. Nilikuwa nabeba maji mpaka mlangoni, basi.

Dini yao inamruhusu mwosha maiti kutaja jema aliloliona, na kuficha baya. Wengi hufanya hivyo, na familia hufurahi. Kasimu hakukubali hata lile jema. Nakumbuka binti mmoja, Mwamini, alimfuata baada ya maziko ya baba yake.

"Tata Kasimu, uniambie kidogo tu. Baba alikuwa na nuru ku uso?"

"Baba yako alikuwa mutu muzuri tangu akiwa muzima, na weye unajua. Wende upikie bageni chai."

Binti alikwenda akilia. Nikamwambia Kasimu kwamba alikuwa na roho ya jiwe. Neno moja lingempunguzia nini? Alijibu huku akipangusa kioo cha lori:

"Kyungu, leo nikisema huyu alikuwa na nuru, kesho nikinyamaza kwa mwingine, batu batasema nini? Batasema alikuwa mweusi sawa makala. Kumusifu mumoja ni kumutukana mwenye kufuata. Afazali mulango ifungwe kwa bote."

Siri ya chumba kile ililindwa na mwenziwe pia. Katika kazi hii lazima awepo wa kumwaga maji na wa kuosha. Wa kumwaga maji alikuwa mzee Amadi, na Amadi alikuwa kipofu. Watu waliokuja kutoka miji mingine walishangaa, wakidhani Waislamu wa Kolwezi wamekosa watu wenye macho. Kumbe ndivyo walivyotaka. Macho mawili yanatosha kwa maiti mmoja, walisema. Manne yataanza kuzungumza.

Basi ikaja vita ya mwaka wa sabini na saba. Mwezi wa tatu waasi walivuka kutoka Angola, wakachukua Dilolo, wakasogea na njia ya reli mpaka Mutshatsha, na Kolwezi nzima ikawa inalala na mabunda yamefungwa. Serikali ikaomba msaada kwa marafiki zake. Kwanza walifika Wamoroko, askari wa miguu. Halafu, karibu na mwisho wa Aprili, wakaja Wamisri, marubani na mafundi, kurusha ndege za kivita za Zaïre.

Kwa ajili ya vita hiyo magari ya watu yalichukuliwa. La Kasimu lilikwenda uwanja wa ndege kubeba mapipa, na yeye alikwenda nalo, kwa sababu alisema hakuna askari atakayejua jinsi gia yake ya pili inavyokataa. Huko ndiko alikowafahamu marubani. Siku ya kwanza, adhuhuri ilipofika, alitandika gunia kando ya gurudumu akasali. Alipotoa salamu kuume, aliona safu ya vijana wenye suti za kurukia nyuma yake. Walikuwa wamemfanya imamu bila kumwuliza.

Shida ilianza baada ya sala. Kasimu alikuwa anasoma Kurani vizuri mno, lakini Kiarabu cha kuomba kikombe cha chai hakukijua. Rubani mmoja, Kapteni Muradi, ambaye alijifunzia ndege hizo Ufaransa, alikuwa na Kifaransa. Kwa hiyo Kasimu alinichukua mimi, niliyejifunza lugha hiyo peke yangu kwa kamusi iliyokosa herufi tatu za mwisho, nikawa mkalimani wao siku za Jumapili.

"Rafiki yako," Muradi aliniambia, "akisali ni mtu wa Madina. Akisimama tu, anakuwa bubu."

Nikamfasiria Kasimu. Akasema, "Mujibu: na yee akiwa juu ni tai, akishuka hata muhogo anauogopa." Ilikuwa kweli, walipoona muhogo wetu uliolowekwa walikunja pua kama watoto. Walicheka wote.

Mdogo wao aliitwa Fuadi. Luteni, miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye kula karanga mfululizo na kuacha maganda katika mifuko ya suti yake. Huyu alikuwa anauliza kila kitu. Aliuliza maji ya Lualaba yanakwenda wapi. Kasimu akamwambia yanakwenda kaskazini.

"Kaskazini ni kwetu," Fuadi alisema kwa kinywa cha Muradi. "Basi huu ni mto wetu."

"Mwambie inageuka mangaribi, inamwangika ku bahari ingine."

Fuadi hakuridhika. Alidai mto ulioanza vizuri hivyo hauwezi kugeuka bila sababu. Tangu hapo, kila alipomwona, Kasimu alimwuliza kwa ishara ya mkono, mto umegeuka au bado, na kijana alitikisa kichwa: bado. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Asubuhi ya Jumatano moja ya mwezi wa tano, gari la jeshi lilisimama mbele ya msikiti. Saa tatu ilikuwa haijafika. Nyuma palikuwa na kitu kimefungwa ndani ya turubai, na mafundi wawili wa Kimisri wamekaa kando yake, nyuso zimekunjwa. Mmoja alisema jina: Fuadi. Muradi hakuwapo, alikuwa amesafiri kwenda Kamina. Mafundi wale walijaribu kueleza kwa mikono kwamba hawajui kuosha, kwao kuna watu wa kazi hiyo, na imamu wa Wamoroko yuko mbele kwenye mapigano. Kasimu, aliyekuwa amepita msikitini na lori kabla ya kwenda uwanja wa ndege, hakuhitaji maelezo. Alitoa funguo za lori mfukoni, akampa askari aliyekuwa karibu, akakunja mikono ya shati.

Nilibeba ndoo sita mpaka mlangoni. Alizipokea moja moja bila kufungua mlango zaidi ya upana wa ndoo. Nilisikia maji, na sauti ya Amadi ikisoma. Ilichukua muda mrefu. Walipotoka, mwili ulikuwa umekwisha kuvikwa sanda, kichwa mpaka miguu, umefungwa kwa vipande vya nguo. Watu wa msikiti walisali. Halafu mafundi wakauweka katika sanduku lenye bati ndani, wakalichomelea kwa moto huko uwanja wa ndege, na siku ile ile sanduku likapanda ndege.

Kabla ya jioni mji ulikuwa na habari nne. Kwamba alipigwa risasi akiwa juu. Kwamba ndege ilianguka. Kwamba ilikuwa malaria ya kichwa, ile inayomwua mgeni kwa siku mbili. Wengine walisema ni uchawi, dawa ya Walunda. Redio ya upande wa pili ikatangaza kwamba wao ndio waliomwangusha. Nani alijua? Kasimu. Na watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yake taratibu kuliko kawaida.

Siku ya tatu aliitwa na polisi. Alinichukua niende kumsomea kama kutakuwa na karatasi, na ilikuwapo. Ilikuwa ofisi ndogo karibu na uwanja. Ofisa alikuwa mtu mnene mwenye adabu, koti lake bila tai kama ilivyoamriwa wakati ule, kila mtu alipoitwa citoyen, yaani raia. Funguo za lori zilikuwa juu ya meza, juu ya ile karatasi.

"Citoyen Kasimu, ni kitu kidogo tu. Unaweka sahihi, unabeba funguo, kamyo ni yako, unaenda ku kazi. Wale ba upande ingine banapayuka ku redio. Mi niko na haja ya mutu mumoja tu mwenye aliona mwili."

Nilisoma kwa Kiswahili: Mimi niliyetia sahihi hapa chini, nimeuosha mwili wa marehemu, sikuona jeraha la risasi wala la moto, na kwa maoni yangu alikufa kwa homa.

"Chef," Kasimu alisema, "mi sikusema ni homa."

"Basi uliona jeraha?"

"Hata hiyo sikusema."

Ofisa aliegemea kiti. "Ukisema uliona, tuko na maneno mingine. Ukisema hukuona, unabeba funguo. Iko njia ya tatu?"

"Iko. Ya kunyamaza."

"Sasa kama ni kweli ni homa? Nakuomba useme kweli, sikuombe useme bongo, maneno ya uongo!"

"Chef, hata kweli yake si yangu."

Ofisa hakukasirika. Alituma Amadi aletwe. Mzee aliongozwa na fimbo yake mpaka katikati ya ofisi, akasimama uso ukiuelekea ukuta.

"Na weye, tata, ulikuwa mu chumba?"

"Nilikuwa, chef."

"Uliona nini?"

"Chef, mi tangu mwaka ya makumi tano na mbili sijaona hata mukono yangu."

Askari wa mlangoni alicheka kwa sauti, akajizuia. Ofisa mwenyewe alifunika mdomo. Lakini alipomaliza kucheka alichukua funguo, akazitia katika saraka, akaifunga. Alisema karatasi itamngoja Kasimu mpaka mwisho wa mwezi, na lori pia.

Sitasema kwamba tulimsifu. Leo watu wakimtaja wanajifanya kwamba wote walikuwa upande wake. Uongo. Wazee wa msikiti walimwambia kwamba kusema hakuna jeraha ni kusema jema, na jema linaruhusiwa. Wafanyabiashara waliomdai safari walimwambia kwamba maiti hasikii. Mimi nilimwambia kwamba karatasi ni karatasi. Na mkewe, Hawa, mwanamke aliyekuwa hapandishi sauti, nilimsikia kupitia ukuta wetu.

"Kama ni homa, weka sahihi. Kama ni risasi, weka vilevile! Yee amekufa, hataumia tena. Batoto wako saba, na bako bazima, na banakula kila siku."

"Hawa, siku moja utalala pale ku ubao. Utataka nani akuoshe? Mwenye kuuzaka maneno kwa kamyo?"

"Nitataka mwenye alinilisha kabla nife."

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua za Kasimu zikitoka uani. Nadhani kama ofisa angekuja saa ile na kalamu, mambo yangekuwa mengine. Hakuja. Mwezi ukaisha, vita ikaisha, Zaïre nzima ikacheza ngoma ya ushindi, na lori la pua ya buluu likabaki upande wa pili wa seng'enge ya jeshi.

Wamisri walipokuwa wanajitayarisha kurudi kwao, Kapteni Muradi alikuja Manika. Alikuja mchana, kwa miguu kutoka barabara kubwa, na watoto wakimfuata. Tuliketi nyuma ya nyumba ya Kasimu, sisi watatu. Muradi alikuwa amepungua. Alitoa barua.

"Ni ya mama yake Fuadi," aliniambia. "Sanduku lilifika limechomelewa na hawakuruhusiwa kulifungua. Amezika sanduku. Ananiuliza jambo moja tu: uso wake ulikuwaje. Mimi nilikuwa Kamina. Mwulize rafiki yako. Mwambie mimi si ofisa wa mtu yeyote."

Nilifasiri. Niliweka na maneno yangu mwenyewe, nakiri: nilimwambia Kasimu kwamba huyu ni mama, na mama si redio.

Muradi akaanza kuikunja barua. Kasimu akamzuia, akasema, "Kyungu, umufasirie pole pole. Na yee aandike."

Muradi akageuza bahasha, akatoa kalamu.

"Mwambie mama yake hivi. Maji tulichemsha kwa kuni, si kwa makala, sababu makala inaachaka harufu. Nilitia mukono yangu mwenyewe kwanza. Haikuwa ya moto, haikuwa ya baridi. Nilimufunika kitambaa tangu kitovu mpaka ku magoti, na mukono ilipita chini ya kitambaa, macho haikupita. Nilianza upande ya kuume. Kichwa nilimushika sawa vile unashikaka ya mutoto mwenye shingo haijakomaa."

Muradi aliandika. Alipoandika kutoka kulia kwenda kushoto, Kasimu aliifuata kalamu kwa macho kama anayesoma.

"Kila mara ya kumugeuza nilimwita jina. 'Fuadi, tunageuka.' Ni vile tunafanyaka, mutu asishituke. Nilipoinuka kutafuta kafuri, Amadi alimushika mukono. Hakukaa peke yake hata kidogo, tangu turubai mpaka sanduku. Ku mifuko kulikuwa maganda ya karanga. Sikutupa. Nilizika pale nyuma ya musikiti, ku mizizi ya mupera."

Hapo Muradi alisimamisha kalamu, kisha akaendelea.

"Sanda ilikuwa ya bibi yangu Hawa. Alijiwekea mu sanduku yake miaka tisa, na majani ya mchaichai. Wanamuke banavalishwa vipande tano, mwanaume tatu. Tatu zilikwenda na Fuadi, mbili zimerudi mu sanduku. Mama yake ajue ile harufu ilitoka wapi, kama iliingia mu kaburi."

Kuku walipita katikati yetu. Muradi alingoja, akaona hakuna kinachofuata.

"Na uso?" aliuliza, na neno hilo alilisema kwa Kiarabu, nasi wote wawili tukalielewa.

"Uso niliuosha mara tatu," Kasimu alisema. "Mara ya tatu na kafuri."

Muradi aliinuka. Aliongea haraka, nusu Kifaransa, nusu lugha yake. Alisema alisali nyuma yake wiki nne. Alisema hata polisi wangepata zaidi. Nilifasiri nilichokipata.

"Hapana," Kasimu alijibu. "Polisi sikumupa hata hiyo ya maji. Weye nimekupa yote yenye mikono ilifanya. Hiyo ni yangu, naweza kuitoa. Yenye macho iliona ni ya Fuadi, na Fuadi hakuniambia niitoe."

Yule rubani alisimama akiangalia bahasha yake. Niliona hasira ikimtoka kidogo kidogo, si yote. Mwishoni akasema, "Nitamwambia mama alikuwa mzuri."

"Weye ulimujua muzima. Uko na haki."

Walishikana mikono. Sikupata kujua mama yule aliipokeaje bahasha ile. Barua haikuja, wala sikuitazamia. Muradi alitembea mpaka barabara kubwa na watoto nyuma yake, na wiki ile Wamisri wakaondoka.

Mwaka ule Kasimu aliendesha baiskeli. Alibeba makaa kutoka njia ya Nzilo, magunia mawili, akisukuma zaidi kuliko kupanda. Watoto wake wawili waliacha shule. Mara mbili au tatu nilimwona akisogea kando ya barabara, karibu na njia ya Mashamba, na lori la pua ya buluu likipita na askari ndani, likimwachia vumbi, gia ya pili ikilia kama anayekabwa. Alikunja uso kwa ajili ya gia. Hilo tu.

Na mimi? Nina aibu kuandika, lakini nisipoandika nitakuwa kama wale wanaojisifu. Siku moja, miezi sita baadaye, tumekaa tumeshiba, nilimwuliza. Nilisema, "Sasa vita imekwisha, sisi wawili tu, ilikuwa homa au risasi?" Alinitazama kama mtu aliyekuta mwizi nyumbani, na mwizi ni ndugu yake. Mwezi mzima hakunisalimu. Nilistahili.

Halafu ikaja vita ya pili, mwezi wa tano wa sabini na nane, na hii haikuishia Mutshatsha. Iliingia ndani ya Kolwezi yenyewe. Walioiona wiki ile hawahitaji nieleze, na wasioiona hawataelewa. Ilipotulia, maiti walikuwa kwenye mitaro, mbele ya maduka, ndani ya nyumba zilizofungwa. Hospitali ilikuwa imejaa. Kila familia iliokota wafu wake.

Jumapili, mbele ya msikiti wa Manika, mwanamke alifika na mkokoteni wa kusukuma. Alikuwa ameusukuma peke yake. Jina lake Ernestine, Mkatoliki, mke wa Kisimba, karani. Nilimfahamu kwa kumwona sokoni. Kisimba alikuwa juu ya mkokoteni, chini ya pazia la nyumba. Alikuwa amekaa nje siku nne.

"Natafuta ule mutu balimunyanganya kamyo," alisema.

Wazee wa msikiti walitazamana. Mmoja alimwambia kwa upole kwamba huyu si wao, ana kanisa lake.

"Kanisa itamuzika. Mi nataka aoshwe kabla dada zake bafike. Bananifuata nyuma. Banataka kumwona, batasema vile alikuwa mu mji muzima, na batoto wangu batasikia. Banasema ule wa kamyo hasemake. Ni nani kati yenu?"

Kasimu alikuwa amekaa kwenye ngazi, amechoka, alikuwa ameosha watu watano tangu asubuhi. Aliinuka.

"Sala yake ni ya padri," alisema kwa wazee. "Maji iko."

Akamwita Amadi. Wakausukuma mkokoteni mpaka nyuma. Mimi na Ernestine tulikwenda kwenye bomba la reli, bomba pekee lililokuwa linatoa maji, tukarudi na ndoo, tukaziweka mlangoni, na mkono wa Kasimu ukazivuta ndani. Tuliporudi mara ya tatu, mikokoteni mingine miwili ilikuwa imesimama mbele ya msikiti. Mmoja ulikuwa umesukumwa na bibi kizee wa Kilunda. Wa pili ulikuwa wa familia ya Kimethodisti, watu wa kanisa langu mimi, na hawakuniangalia usoni.

Dada zake Kisimba walifika, watatu, nguo zimefungwa kiunoni. Walimkuta ndugu yao amekwisha kufungwa ndani ya shuka mbili zilizoshonwa pamoja, nyeupe, kimya. Walilia juu ya shuka. Walipomaliza, yule mkubwa alizunguka nyuma ya msikiti na kumkuta Kasimu ametoka, mikono imeinuliwa mbele yake ili isiguse nguo. Ernestine alikuwa amesimama karibu nami.

"Tata," dada yule alisema, "unisaidie. Alikuwaje?"

Kasimu alimwangalia. Chini, karibu na mlango, ilibaki ndoo moja yenye maji nusu.

"Mama," alisema, "ungeweza kunimwangia, nioshe mikono?"

Yule dada aliitazama ndoo. Kisha akainama, akainua ndoo kwa mikono miwili, akammwagia, taratibu, mpaka maji yakaisha.